Kabla ya kutoa damu, andikeni saa aliyoanguka: barua ya wazi kwa watumishi wa afya wa Kilosa na Mikumi

Ndugu Mganga Mkuu wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa, ndugu waganga, wauguzi na wataalamu wa maabara,

Ninawaandikia nikiwa mwalimu mlezi wa bweni la wasichana hapa Mikumi. Kazi hii inanikutanisha na watoto wanaoanguka: mstarini asubuhi jua likiwa limeshapanda, kwenye uwanja wa netiboli, usiku wa manane bwenini. Baadhi yao wana kifafa. Baadhi wamezimia kwa njaa, kwa joto au kwa upungufu wa damu. Wapo pia wanaoanguka kwa sababu ya mambo mazito ya nyumbani ambayo hawajapata wa kumwambia. Kwa anayetazama kwa mbali hali zote hizo ni moja. Mtoto yuko chini, wenzake wamemzunguka, mmoja anasema pepo, mwingine anasema msimguse mate yake yataambukiza.

Siku hizi wazazi wananijia na swali jipya. Wamesikia kwamba kifafa sasa kinapimwa kwenye damu, na wanataka kujua kipimo hicho kinapatikana wapi na kwa shilingi ngapi. Naliheshimu sana swali hilo. Mzazi aliyekwishazunguka kwa waganga wa kienyeji, akaombewa, akatoa mbuzi, ana haki ya kutaka karatasi yenye jibu moja lililo wazi. Lakini nimeona karatasi hiyo ikisomwa vibaya na kumdhuru mtoto, ndiyo maana nimeona nisinyamaze.

Kipimo wanachokisikia kipo kweli. Mwaka 1978 daktari Michael Trimble aliandika katika jarida la British Medical Journal kwamba baada ya mtu kukakamaa na kutupa viungo kwa kifafa, homoni ya prolaktini hupanda ghafla kwenye damu, ilhali kwa aliyeanguka kwa sababu za kihisia haipandi hivyo. Prolaktini ndiyo homoni inayowafanya akina mama watoe maziwa, na inatengenezwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Kifafa kinapoenea hadi sehemu ya ubongo inayoitawala tezi ile, breki inaachiwa na homoni inamwagika. Mwaka 2005 Akademia ya Neurolojia ya Marekani iliupitia ushahidi uliokuwa umekusanywa mpaka wakati huo na kukubali kwamba kipimo hiki kinasaidia kwa watu wazima na watoto wakubwa. Masharti yake ndiyo ambayo wazazi wetu hawaambiwi.

Sharti la kwanza ni muda. Damu itolewe dakika 10 hadi 20 baada ya tukio, kisha matokeo yalinganishwe na kiwango cha kawaida cha mtu huyohuyo, ambacho kinapimwa saa kadhaa baadaye. Hebu tuliangalie sharti hili kwa macho ya wilaya yetu. Mtu akianguka Vidunda, kule mlimani, dakika 20 zinaisha kabla hata bodaboda haijapatikana. Akiangukia shambani Malolo au porini Ulaya, zinaisha kabla ndugu zake hawajapata habari. Hata hapa Mikumi mjini, kando ya barabara kuu, muda huo unamtosha tu aliyeangukia karibu na mlango wa maabara, tena maabara yenyewe iwe inapima homoni. Nyingi hazipimi.

Hata muda ukipatikana, kipimo hicho huwakosa wengi. Katika mapitio yale ya 2005, kwa kila watu 100 waliopata kifafa cha mwili mzima, damu iliwatambua takriban 60. Kwa kifafa kile ambacho mtu anapotewa na fahamu, anatafunatafuna na kupapasa nguo bila kuanguka, ilitambua chini ya nusu. Maana yake ni kwamba prolaktini ikipanda sana, kwa mtu ambaye swali lililobaki ni kati ya kifafa na kuanguka kwa kihisia, daktari anaweza kuegemea kwenye kifafa kwa kujiamini. Isipopanda, hajaambiwa kitu. Ninawaomba hili liandikwe kwa maneno makubwa kwenye kila maabara inayouza kipimo hicho: majibu ya kawaida hayaondoi kifafa.

Na lipo jambo la tatu, ambalo nadhani ndilo kubwa kuliko yote kwa mazingira yetu. Prolaktini hupanda pia kwa mtu aliyezimia kwa kawaida, yaani aliyeanguka kwa sababu damu ilipungua kufika kichwani. Kwa hiyo lile swali tunaloulizana kila siku shuleni, kama mtoto huyu ana kifafa au amezimia tu kwa jua, kipimo hiki hakilijibu kabisa. Mama mjamzito au anayenyonyesha prolaktini yake iko juu muda wote. Anayetumia haloperidoli au klopromazini kwa ugonjwa wa akili yake iko juu. Hata aliyepewa metoklopramidi kwa kutapika, iko juu.

Sasa niwaeleze nilichokiona. Mwanafunzi mmoja alikuwa anaanguka, na mara mbili nilikuwapo. Kwanza alitoa mlio mmoja kama wa mtu aliyebanwa kifua. Macho yalikuwa wazi, yamegeukia upande mmoja. Mwili ulikakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kupiga kwa mpigo mmoja, na mpigo ule ukawa unapungua kasi kadiri ulivyoelekea mwisho. Midomo ilikuwa imekuwa ya bluu. Alipotulia alikoroma, na alipoamka hakunijua mimi wala hakujua yuko wapi mpaka muda mrefu ukapita. Ulimi ulikuwa umeumia ubavuni. Mganga wa zahanati moja alinisikiliza, akamwanzishia vidonge, na kwa muda mrefu hakuanguka tena.

Baadaye ndugu walishauriana. Baba akauza magunia ya ufuta, akampeleka kwenye maabara ya watu binafsi mjini, mbali na hapa. Damu ilichukuliwa wiki kadhaa baada ya tukio la mwisho, mtoto akiwa mzima, amekaa kwenye kiti. Majibu yalitoka yakisema prolaktini ni ya kawaida. Na ingekuwaje isiwe ya kawaida? Lakini aliyewapa karatasi ile hakuuliza alianguka lini, na nyumbani ikasomwa kwamba hana kifafa. Vidonge vikaachwa ghafla. Likizo iliyofuata aliangukia kwenye mafiga akiwa peke yake jikoni. Yuko hai, amerudi shuleni, na mkono wake wa kulia hauwezi tena kukunjua vidole vyote. Simlaumu baba yake. Alitoa alichokuwa nacho kumtafutia mwanawe jibu, akapewa namba isiyokuwa na saa.

Naomba nisieleweke kwamba ninaidharau damu. Kuna damu ambayo mtu aliyeanguka anapaswa kutolewa hapohapo, na ni tone moja tu la kidole. Sukari. Sukari ikishuka mno mtu anaweza kuzimia, anaweza kukakamaa na kutupa viungo sawasawa na mwenye kifafa, na akicheleweshwa anaweza kufa au kuharibika ubongo. Inawapata wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au glibenklamidi, inawapata watoto wenye malaria kali, inawapata wanaokunywa gongo bila kula. Kipima sukari ni kidogo kuliko simu, jibu linatoka kabla hamjamaliza kuandika jina la mgonjwa, na tiba yake iko kwenye kabati. Ninyi mnajua kuliko mimi ni zahanati ngapi zenye kipima sukari kisicho na vitepe vya kupimia. Ningekuwa na uwezo wa kuomba kitu kimoja tu kutoka kwenye bajeti, ningeomba vitepe.

Pamoja na sukari kuna kipimo cha haraka cha malaria na kuna wingi wa damu. Mtoto anayekakamaa akiwa na homa katika bonde la Mkondoa lazima malaria itafutwe kabla ya kitu kingine, na hili mnalifanya vizuri. Degedege linalokuja na malaria ya ubongo linaweza kuacha kifafa cha kudumu. Msichana anayezimia kila akisimama mstarini, wingi wa damu ukipimwa, mara nyingi siri inafichuka palepale. Na mwanamke mwenye mimba iliyopita wiki 20 akianza kukakamaa, anayemshika mkono aanze na shinikizo la damu na mkojo. Hicho ni kifafa cha mimba mpaka ithibitike vinginevyo, dawa yake ni magneziamu salfeti, na dakika zinazotumika kufikiria homoni ni dakika anazoibiwa yeye na mtoto aliye tumboni.

Vipo vipimo vingine viwili ambavyo mtaalamu wa maabara atavitaja. Laktati hutoka kwenye misuli iliyofanya kazi kwa nguvu, nayo inakuwa juu sana mara tu baada ya kifafa cha mwili mzima, kisha inashuka ndani ya saa moja au mbili. Ni kipimo kizuri pale hospitali ilipo karibu. Lakini malaria kali nayo inapandisha laktati, na maambukizi makali kwenye damu vilevile, kwa hiyo hapa kwetu namba ile haiwezi kusimama peke yake. Kingine ni kimeng'enya cha misuli kiitwacho kreatini kinasi. Chenyewe kinapanda polepole kwa saa nyingi na kubaki juu kwa siku moja mbili, jambo ambalo lingewafaa wagonjwa wetu wanaofika kesho yake na gari la mizigo. Hapo napo kuna mtego. Sindano ya msuli aliyochomwa mgonjwa zahanati kabla ya rufaa inakipandisha, na mtu aliyeshinda anakata miwa Ruhembe anaweza kuwa nacho juu bila kuanguka popote. Anayekipima aulize kwanza kuhusu sindano na kazi.

Ndiyo maana namtetea shahidi. Aliyeona ndiye mwenye kipimo ambacho hakiishi vitepe wala hakihitaji umeme, na mara nyingi tunamwacha nje ya mlango. Namwona kila mara: mgonjwa anaingizwa ndani, yeye ambaye hakumbuki kitu, halafu jirani aliyemwona akianguka anaambiwa asubiri kwenye benchi. Mwiteni ndani. Mwulizeni kama mgonjwa alikuwa amesimama au amelala, kama alilia, macho yalikuwa wazi au yamefumbwa, alipauka au aligeuka bluu, viungo vilipiga kwa muda gani, na alichukua muda gani kujitambua. Aliyezimia kwa kusimama juani kwa kawaida huhisi kizunguzungu na jasho kwanza, hupauka, na akilazwa hurudi kwenye akili zake upesi. Anaweza hata kurusha mikono kwa sekunde chache, na mirusho hiyo imewapa watu wengi jina la kifafa wasilostahili. Aliyeanguka kwa kihisia mara nyingi hufumba macho kwa nguvu, tukio lake huwa refu, linapanda na kushuka, kichwa kikigeuka huku na huku. Hakuna dalili moja inayotosha peke yake, na wapo wenye kifafa na kuanguka kwa kihisia kwa pamoja. Zikiwekwa pamoja na mtu aliyezizoea, zinasema mengi kuliko prolaktini iliyochukuliwa wiki ya pili.

Yuko mmoja ambaye hapaswi kurudishwa nyumbani kwa maneno matupu: anayeanguka akiwa anakimbia, bila onyo lolote, au ambaye ndugu yake alikufa ghafla akiwa kijana. Huyo moyo wake upimwe umeme, hata kama ni kwa rufaa ya Morogoro au Dar es Salaam. Damu haitamwonyesha.

Simu nazo zimetuletea msaada. Karibu kila kundi la watu sasa lina mtu mwenye simu ya kupiga picha za video, na video fupi ya tukio inamwonyesha daktari kitu ambacho zamani angekisikia kwa mdomo tu. Shuleni tumekubaliana kwamba mmoja anamgeuza mgonjwa ubavu na kumwekea kitu laini chini ya kichwa, mwingine anaangalia saa, wa tatu anarekodi, uso na mwili mzima, na nguo zikiwa zimemfunika vizuri. Ikishaonyeshwa kwa mganga inafutwa. Anayeirusha kwenye makundi ya WhatsApp tunamchukulia hatua, kwa sababu binti akishaonekana na kijiji kizima katika hali ile, kuolewa, kusoma na hata kukopeshwa sahani kunakuwa shida.

Kuhusu wale wanaoanguka kwa kihisia, naomba neno "anajifanya" lisitamkwe kwenye chumba cha tiba. Nchi hii inalijua jambo hilo tangu zamani. Mwaka 1962 wasichana wa shule ya Kashasha, karibu na Bukoba, walishikwa na kicheko na kilio kilichosambaa hadi vijijini, na shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na maambukizi, hawakuyapata. Watoto wale walikuwa wanaumwa kweli, na ugonjwa wao haukuwa kwenye damu. Mtoto wa namna hiyo akipewa fenobabitali anasinzia darasani na anaendelea kuanguka. Anahitaji mtu wa kukaa naye na kumsikiliza, na mara nyingine anahitaji kuondolewa kwenye nyumba anayoumizwa.

Mtaniambia kwamba bila mashine hatuwezi kuwa na uhakika. Mashine ya umeme wa ubongo iko mbali na sisi, na wataalamu wa neva nchini ni wachache mno. Hilo ni kweli. Lakini jirani zetu wametuonyesha njia. Ukiacha barabara kuu pale Mikumi ukashika ya Kidatu na Ifakara, ukavuka Kilombero na kupanda mlima, unafika Mahenge. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari aliyezaliwa Norway, Louise Jilek-Aall, aliwakuta wagonjwa wa kifafa wametengwa, wana makovu ya moto, wanaogopwa. Kliniki aliyoianzisha ilijengwa juu ya maswali, uangalizi na vidonge vya fenobabitali, na watu waliokuwa wamekatiwa tamaa walirudi kulima na kulea watoto. Miaka mingi baadaye, mwaka 2013, jarida la Lancet Neurology lilichapisha utafiti wa maeneo 5 ya Afrika, yakiwemo Kilifi ya Kenya na Iganga na Mayuge ya Uganda. Ifakara ndiyo iliyoongoza, kwa makadirio ya watu 14.8 wenye kifafa cha kukakamaa kwa kila watu 1,000. Watafiti waliwapataje? Walianza kwa maswali nyumba kwa nyumba, kisha daktari akawaona waliojibu ndiyo.

Sina sababu ya kudhani Kilosa imesalimika. Tuna malaria, tuna akina mama wanaojifungulia mbali na msaada, tuna usubi unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa kwenye mito yenye maji ya kasi, ugonjwa ambao watafiti wameuhusisha na kifafa kule Mahenge. Nguruwe wanaozurura wanaleta tegu, ambalo mayai yake yakimezwa na mtu, viluwiluwi vinaweza kukaa kwenye ubongo. Ivamektini inayogawiwa kila mwaka na choo kilichojengwa vizuri ni kinga ya kifafa pia, na sijawahi kusikia mkutano wa kijiji ukiambiwa hivyo.

Ninachowaomba kiko ndani ya uwezo wa wilaya. Tengenezeni ukurasa mmoja wa Kiswahili utakaotumika kuanzia zahanati hadi Hospitali ya Wilaya na Hospitali ya Mtakatifu Kizito hapa Mikumi, wenye saa ya kuanguka, saa ya kila damu kutolewa, sukari, na maneno ya shahidi kama alivyoyasema. Bila saa hiyo, mtaalamu wa maabara awe na ruhusa ya kukataa kupima prolaktini na kuirudisha familia na fedha zake. Dawa ya kifafa isisimamishwe na yeyote kwa sababu ya jibu la damu. Ikibidi kuachwa, ipunguzwe polepole na aliyeianzisha. Na dawa zenyewe zisiishe. Fenobabitali ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa, na Shirika la Afya Duniani linasema watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba sahihi. Mgonjwa aliyetulia kwa mwaka mzima, akikosa vidonge wiki moja, anaweza kuanguka kwa mfululizo usiokatika hadi kufa.

Naomba pia siku moja ya kliniki ya kifafa kila mwezi Mikumi, siku ya gulio, ili wa Kisanga na Kidodi wapande gari moja na wanaokuja sokoni. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe maswali ya shahidi kwanza kuliko jambo lingine lolote la kifafa. Ukurasa ninaousema nimeuandika rasimu yake, na mwalimu wa baiolojia ameupitia. Nitauleta ofisini kwenu kabla shule hazijafungwa, mkate mnachotaka kukata na kuongeza mnachokijua ninyi. Mkiukubali, bweni letu liwe mahali pa kwanza pa kuujaribu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mlezi, Mikumi